Utafiti wa kawi endelevu ng'ambo: tafuteni maabara kabla ya kutafuta ufadhili

Mwanzisha uzi, Nairobi

Wanajukwaa, salamu. Kila mwaka msimu wa maombi unapokaribia, orodha ndefu za ufadhili husambazwa katika makundi ya WhatsApp ya wahitimu wetu wa fizikia, kemia na uhandisi, na kila mwaka vijana wenye alama nzuri hutuma ombi lilelile kwa wafadhili wengi, wakangoja, kisha wakahitimisha kwamba nafasi hizo zina wenyewe. Kwa kuwa kazi yangu hunilazimu kusoma maombi ya wanafunzi na kuwaandikia barua za mapendekezo, ningependa kueleza kwa nini naamini kwamba utaratibu huo umepinduliwa kichwa chini miguu juu. Anayetaka kufanya utafiti wa kawi endelevu ng'ambo hutafuta kwanza maabara na mtu wa kufanya naye kazi. Fedha hufuata, na mara nyingi hutoka mahali ambapo hapakutajwa katika orodha yoyote.

Tuanze na Ujerumani. Wakfu wa Alexander von Humboldt hupokea maombi ya watafiti wenye shahada ya uzamivu wakati wowote wa mwaka, na hautengi idadi ya nafasi kwa nchi fulani wala kwa taaluma fulani. Hata hivyo, ombi halikamiliki bila kauli ya mtafiti aliyeko Ujerumani ambaye amekubali kukupokea na ambaye anaeleza mradi wako una maana gani kwa kundi lake. Aliyemaliza uzamivu ndani ya miaka 4 iliyopita huomba katika ngazi ya wanaoanza, na aliyevuka hapo lakini hajavuka miaka 12 huomba katika ngazi ya watafiti wazoefu. Kwa hiyo swali la kwanza si kama wakfu utakukubali, bali ni nani katika Taasisi ya Fraunhofer ya Freiburg, au Kituo cha Utafiti cha Jülich, au taasisi nyingine yoyote ya huko, anayelijua jina lako na kazi yako.

Mpango wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya unafuata mantiki hiyohiyo. Nafasi za baada ya uzamivu huombwa na mtafiti pamoja na taasisi mwenyeji, kwa kawaida mwisho wa kupokea maombi huwa mwezi Septemba, na raia wa nchi yoyote anaruhusiwa. Sharti linalowashangaza wengi ni lile la kuhama: katika miezi 36 kabla ya tarehe ya mwisho usiwe umeishi au kufanya kazi zako kuu kwa zaidi ya miezi 12 katika nchi unayotaka kwenda. Mkenya anayeomba akiwa Nairobi halimgusi kabisa, na kwa kweli linampa nafasi sawa na Mjerumani anayetaka kwenda Uhispania. Linamuumiza Mkenya aliyesoma uzamili wa miaka 2 huko Uswidi, akapenda kubaki Uswidi, akagundua kwamba mitandao ya mafunzo ya uzamivu ya mpango huohuo inaweza kumchukua Denmark au Ureno lakini si mahali alipo. Ni vyema mtu akalijua jambo hilo kabla ya kuchagua nchi ya uzamili.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba uzamivu ni masomo yanayohitaji mfadhili. Katika nchi za Skandinavia na Uholanzi, nafasi nyingi za uzamivu ni ajira: chuo hutangaza kazi, mwombaji hutuma wasifu na barua, anahojiwa, akichaguliwa anatia sahihi mkataba, analipwa mshahara, anakatwa kodi na anapata likizo. Hakuna karo. Matangazo hayo huwekwa katika kurasa za ajira za vyuo kama KTH ya Stockholm, NTNU ya Trondheim, DTU ya Denmark na TU Delft, na mengi hukusanywa katika tovuti ya EURAXESS inayosimamiwa na Umoja wa Ulaya. Mtu anayetafuta neno «ufadhili» hawezi kuyaona, kwa kuwa neno hilo halimo ndani yake. Tangazo litasema kwamba anatakiwa mtafiti wa betri za sodiamu, au wa udhibiti wa gridi yenye umeme mwingi wa upepo, na litataja mradi ambao tayari una fedha. Anayelijibu kwa barua ya jumla kuhusu ndoto zake tangu utotoni amejifungia mlango mwenyewe.

Je, mtafiti kutoka Nairobi anapeleka nini? Kwa maoni yangu anapeleka mengi kuliko anavyodhani. Seli za sola za peroviskiti, aina ya fuwele inayonasa mwanga, zilianza mwaka 2009 kwa ufanisi wa asilimia 3.8, na leo maabara zimevuka asilimia 26, lakini joto na unyevu bado huziharibu upesi mno. Maabara za kaskazini zina vyumba vya kuigiza jua. Hazina jua la mji ulio karibu na ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, penye mionzi mikali ya urujuanimno na misimu miwili ya mvua. Anayependekeza kuzipima seli hizo juu ya paa la idara yake kwa mwaka mzima anampa mwenyeji kitu asichoweza kukinunua Freiburg. Hali ni hiyohiyo kwa gridi. Sehemu kubwa ya umeme wetu, karibu asilimia 90, hutokana na vyanzo jadidifu. Mitambo 365 ya upepo karibu na Ziwa Turkana ina uwezo wa megawati 310. Na usiku wa manane, mahitaji yanaposhuka, mvuke wa kituo cha jotoardhi cha Olkaria huachwa upotee hewani ilhali saa za jioni gridi hulemewa. Nchi nyingi za Ulaya zinaota kufika mahali tulipo, na matatizo tuliyonayo leo ndiyo watakayokutana nayo. Andikeni mapendekezo yenu kutoka hapo. Sielewi kwa nini kijana wa Kasarani aniletee pendekezo la kutathmini uwezo wa jua wa Bavaria.

Kuhusu uzamili nitasema machache. DAAD, shirika la Ujerumani la mabadilishano ya kitaaluma ambalo lina ofisi hapa Nairobi, hufadhili kozi za uzamili zinazohusiana na maendeleo, na kwa hizo huhitajika angalau miaka 2 ya kazi baada ya shahada ya kwanza, nayo shahada hiyo kwa kawaida isizidi umri wa miaka 6. Kozi ya kawi jadidifu ya Chuo Kikuu cha Oldenburg, Ujerumani, iliyoanza mwaka 1987, imepokea wanafunzi wengi kutoka nchi zinazoendelea. Erasmus Mundus, ufadhili wa uzamili wa Umoja wa Ulaya, hulipa euro 1,400 kwa mwezi na humzungusha mwanafunzi katika zaidi ya nchi moja. Japani ina ufadhili wa MEXT, yaani wizara yake ya elimu, unaoombwa kupitia ubalozi. Wapo pia majirani tunaowasahau: Chuo Kikuu cha Umoja wa Afrika kimeweka taasisi yake ya maji na kawi Tlemcen nchini Algeria, huku taasisi ya sayansi za msingi, teknolojia na ubunifu ya chuo hichohicho ikiwa hapa nchini, katika chuo cha JKUAT, Juja.

Mchangiaji, Juja

Ndugu mwanzilishi, nakushukuru kwa maelezo, ila naomba nipinge kidogo. Unasema tutafute maabara kwanza, lakini maprofesa hawajibu. Mimi na wenzangu wa darasa tumewaandikia wengi, na kimya chao kimetufanya turudi kwenye zile orodha, kwa sababu fomu angalau hukuambia umekataliwa. Je, mtu asiye na makala hata moja kwenye jarida atajulikana vipi na mtafiti wa Freiburg?

Mwanzisha uzi

Swali lako ni la haki, na sitadai kwamba barua nzuri hujibiwa daima. Lakini barua nyingi ninazoonyeshwa zina kasoro ileile: zinaweza kutumwa kwa profesa yeyote bila kubadilisha neno. Huanza na «Mheshimiwa Profesa», husifu chuo, hutaja alama, kisha huomba nafasi na ufadhili kwa pamoja. Msomaji wake hupokea barua kama hizo kila siku na huzifuta.

Barua inayosomwa ni fupi. Hutaja makala fulani ya kundi hilo iliyochapishwa karibuni na swali ambalo makala hiyo imeliacha wazi. Hueleza kwa sentensi mbili umefanya nini kinachokaribiana nalo, hata kama ni mradi wa mwaka wa nne uliofanyika kwa vifaa duni. Kisha huuliza jambo moja linaloweza kujibiwa kwa dakika chache, kwa mfano kama kundi lina mpango wa kumwajiri mwanafunzi wa uzamivu mwaka ujao, au kama yuko tayari kusoma muhtasari wa ukurasa mmoja. Pia usimwandikie mkuu wa taasisi pekee. Mtafiti aliyemaliza uzamivu hivi karibuni katika kundi hilo ana muda zaidi, na yeye ndiye atakayekusimamia siku kwa siku.

Kuhusu makala, njia iliyo karibu ni kupitia walimu wako mwenyewe. Programu ya Kimataifa ya Sayansi ya Chuo Kikuu cha Uppsala, iliyoanza mwaka 1961, ilijenga makundi ya fizikia na ya vifaa vya sola Afrika Mashariki kwa utaratibu ambapo mwanafunzi husajiliwa nyumbani na kwenda Uswidi kwa vipindi kutumia vifaa ambavyo hatuna. Walimu kadhaa wa vyuo vyetu walipita njia hiyo na bado wana marafiki huko. Vilevile, katika mpango wa utafiti wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2021 hadi 2027, taasisi za Kenya zinastahiki kupokea fedha moja kwa moja kama washirika, na mradi wa LEAP-RE umeunganisha taasisi za Afrika na Ulaya katika kawi jadidifu. Ingia ofisini kwa mwalimu wako na umuulize anashirikiana na nani. Utakapoandika kwamba fulani ndiye aliyekushauri, hutakuwa mgeni tena.

Mchangiaji, Naivasha

Naomba niongeze kuhusu jotoardhi, kwa kuwa ndiyo kazi yangu na kwa kuwa huko utaratibu ni tofauti kabisa na huu uliosimuliwa.

Mafunzo ya Iceland yalianza mwaka 1979 chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, na tangu mwaka 2020 yako chini ya kituo cha GRÓ kinachofanya kazi kwa mwavuli wa UNESCO. Ni miezi 6 ya masomo na utafiti, na kila mshiriki hugawiwa fani yake: jiolojia, jiofizikia, jiokemia ya maji na gesi, uchimbaji, uhandisi wa hifadhi ya mvuke, mazingira, na kadhalika. Kenya imepeleka washiriki wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Hata hivyo huwezi kujiombea ukiwa nyumbani. Mwajiri wako, ambaye lazima awe anashughulika na jotoardhi, ndiye anayekupendekeza, na wakufunzi kutoka Iceland huja kuwahoji wanaopendekezwa. Waliohitimu mafunzo hayo ndio wanaoweza baadaye kufikiriwa kwa ufadhili wa uzamili na uzamivu katika vyuo vya Iceland.

Kwa mhitimu ambaye hajaajiriwa, ningeshauri mambo mawili. Asome ripoti za utafiti za washiriki wa miaka iliyopita, ambazo zimewekwa wazi mtandaoni bila malipo, maana ndani yake kuna uchambuzi wa visima vya Olkaria na Menengai ulioandikwa na Wakenya wenyewe, na atajua ni maswali gani tayari yamejibiwa. Pili, asidharau Nyeri: Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kina taasisi ya mafunzo na utafiti wa jotoardhi, na aliyesoma hapo huingia katika sekta akiwa na lugha ya kazi. Olkaria ilianza mwaka 1981 kwa mtambo mmoja wa megawati 15. Waliokuza kituo hicho hadi kilipo leo wengi wao walikwenda ng'ambo wakiwa na kazi mkononi, si wakiitafuta.

Mchangiaji, Lang'ata

Mimi ni mhadhiri, nimesajiliwa uzamivu hapa nyumbani, na nina watoto wawili wa shule ya msingi. Nikisoma uzi huu naona kana kwamba umeandikwa kwa ajili ya kijana asiye na familia. Je, ipo njia kwa mtu ambaye hawezi kuhama kwa miaka 4?

Mwanzisha uzi

Ipo, dada yangu, na ni kweli kwamba nilipaswa kuifikia mapema. Tume ya Ufadhili ya Jumuiya ya Madola nchini Uingereza ina ufadhili wa uzamivu wa sehemu mbili, unaokusudiwa hasa mtu kama wewe: unabaki mwanafunzi wa chuo chako cha Kenya, unakwenda Uingereza kwa muda usiozidi miezi 12 kutumia maabara na kukaa na msimamizi wa pili, kisha unarudi na shahada inatolewa na chuo chako. Wanaosoma ombi huangalia kwa makini kama wasimamizi wawili wana uhusiano wa kweli wa kikazi, kwa hiyo barua zao mbili zisigongane kuhusu ni kazi gani itafanyika wapi.

Shirika la OWSD lenye makao yake Trieste, Italia, linalohudumia wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea, nalo hutoa ufadhili wa uzamivu katika taasisi za nchi nyingine za Kusini, na hukubali mtindo huohuo wa kubaki umesajiliwa nyumbani. Kagua orodha yao ya nchi za mwaka husika kabla ya kuanza kuandika. Kwa upande wa familia, mikataba ya Marie Skłodowska-Curie ina posho ya familia juu ya mshahara, na wakfu wa Humboldt huongeza malipo kwa mwenzi na watoto wanaoandamana na mtafiti. Jambo ambalo halimo katika kijitabu chochote ni muda wa viza za wategemezi. Wakati mwingine mtafiti hufika miezi mingi kabla ya familia yake, na ni busara kulipanga hilo tangu mwanzo na kumweleza mwenyeji, ambaye mara nyingi anaweza kusogeza tarehe ya kuanza.

Mchangiaji, Kikuyu

Mimi nina wasiwasi wa namna nyingine. Serikali na wazazi wamegharamia masomo ya watu hawa, halafu uzi mzima unawafundisha jinsi ya kuwa waajiriwa wa Stockholm. Nani atabaki kuyatatua hayo matatizo ya gridi mliyoyasifu? Pia naomba mtaje mawakala wa katikati ya jiji, kwa sababu mpwa wangu ameombwa alipe «ada ya kuachilia ufadhili».

Mwanzisha uzi

Nianze na mpwa wako: asilipe. Mfadhili wa kweli hamtozi mshindi fedha ili ampe tuzo yake. Zipo ada halali, kwa mfano vyuo vingi vya Marekani hutoza ada ya ombi, na shirika la uni-assist linalokagua vyeti kwa niaba ya vyuo vya Ujerumani hutoza euro 75 kwa chuo cha kwanza na 30 kwa kila kinachofuata, lakini ada hizo hulipwa kwa chuo au shirika lenyewe kabla ya uamuzi wowote, na kiasi chake kimeandikwa wazi. Mawakala pia huwatisha watu kwa akaunti ya viza ya Ujerumani, ambamo mwombaji huweka fedha za kujikimu na ambayo tangu Septemba 2024 huhitaji euro 11,904 kwa mwaka. Mwenye barua ya ufadhili unaofikia kiwango hicho, au mkataba wa kazi wenye mshahara wa kutosha, haihitaji.

Kuhusu kuondoka, wafadhili kadhaa tayari wana masharti. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, humtaka mhitimu arudi nyumbani kwa angalau miaka 2. Viza ya Marekani ya J-1 inayolipiwa na serikali, kama ile ya Fulbright, humzuia mtu kupata ukaaji wa kudumu au viza fulani za kazi mpaka akae kwao miaka 2. Jumuiya ya Madola nayo humtaka mhitimu ahidi kurudi. Sioni ubaya wa masharti hayo, lakini sidhani kwamba ndiyo yanayowarudisha watu. Nimeona watu wakirudi kwa hiari walipokuwa na mahali pa kurudi, yaani nafasi chuoni, kifaa kilichonunuliwa kwa fedha za mradi, wanafunzi wa kusimamia. Nimewaona pia waliorudi kwa sharti, wakakaa miaka 2 bila maabara, wakaondoka tena. Ndiyo maana nasisitiza mradi ambao sehemu yake inafanyika hapa. Vifaa vya kupimia vilivyofungwa juu ya paa la chuo, Chiromo au Juja, haviondoki na mtafiti.

Na kwa kuwa tumefika kwenye kazi ya nyumbani: chini ya sheria ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya mwaka 2013, anayefanya utafiti nchini Kenya anahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, hata akiwa Mkenya aliyesajiliwa chuo cha nje. Wanafunzi wengi hukumbuka jambo hili wakiwa tayari wamepanda ndege kuja kukusanya takwimu.

Mchangiaji, Juja

Nashukuru kwa majibu. Mwalimu wetu mmoja amekiri leo kwamba alisoma Uppsala kwa vipindi, jambo ambalo hatukuwahi kumuuliza katika miaka yote 4. Amekubali tumletee muhtasari wa ukurasa mmoja kuhusu upimaji wa seli za sola wakati wa mvua za masika. Swali langu la mwisho ni kuhusu Kiingereza: je, ni lazima tulipie mtihani wa IELTS sasa, kabla hata ya kumpata mwenyeji?

Mwanzisha uzi

Subirini. Vyuo vingine hukubali barua ya chuo chenu inayothibitisha kwamba mlifundishwa kwa Kiingereza, na matokeo ya mtihani huo hudumu miaka 2 tu, kwa hiyo anayeufanya mapema anaweza kulazimika kulipa tena. Pelekeni muhtasari kwanza, na mtaje ndani yake mtapima nini, kwa kifaa gani na kwa muda gani.